Mlinzi Asiye na Masikio

Katika nchi ile saa ya ukutani haikuwa na haya. Iliweza kupiga saa sita mchana mara tatu mfululizo, ikanyamaza juma zima, kisha ikapiga saa sita tena, na watu wakaweka vijiko chini wakasema, haya, mchana umefika. Kwa hiyo siku hazikuhesabiwa kwa jua, zilihesabiwa kwa miswada. Ukimuuliza mtu amezaliwa lini, atakwambia alizaliwa Muswada wa Vivuli uliposomwa mara ya pili, au kwamba mama yake alifariki kabla Muswada wa Madaraja haujasomwa mara ya tatu, na wanaosikiliza watatikisa vichwa kwa kuwa wanakumbuka. Siwatu binti Pongwa, ambaye hadithi hii ni yake, alikuwa ameandika miswada kwa miaka ishirini na mmoja, au pengine kwa mchana mmoja mrefu. Mwenyewe hakuwa na hakika, na siku hizi alikuwa ameacha kuuliza.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Wadau walileta maneno yao, yeye akayaunga. Hakuna raia aliyeruhusiwa kuingia Ukumbi wa Maoni peke yake. Nchi ile ilisikiliza vikundi tu, kila kikundi na muhuri wake, kwa hoja kwamba la mtu mmoja ni tamaa lakini la watu wengi ni maoni. Na kila kifungu kilichoandikwa kiliandikiwa pembeni, katika pambizo la kushoto, jina la kikundi kilichokiomba, ili kisiwepo kifungu yatima. Siwatu alilipenda sana pambizo lile. Aliyatazama majina yale kama mtu anayetazama viatu vilivyovuliwa mlangoni: akajua nani yumo ndani, na akajua kwamba yeye hayumo. Alilala vizuri kwa sababu hiyo.

Mwaka ule, tuuite mwaka, mvua ilisahau njia. Visima sita vya mji vilikauka kimoja baada ya kingine, kikabaki Kisima cha Kati peke yake. Mume wa Siwatu, Khatibu, fundi wa miavuli, alishinda barazani akifungua na kufunga mwavuli uleule ili usishike kutu, maana hakuna aliyemletea mwingine. Alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri na figo mbovu. Daktari alimwambia anywe maji mengi. Khatibu akacheka, na daktari naye akaona hana budi kucheka. Siwatu alimpenda mume wake, na mume wake alimpenda. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele mtu anaweza kudhani vinginevyo.

Hapo ndipo wadau walipokuja, vikundi tisa, kuomba Muswada wa Kisima. Wadau wa nchi ile walikuwa na ajabu yao. Ukikutana nao njiani mmoja mmoja walikuwa watu kamili, wana mafua, wana picha za wajukuu mfukoni. Lakini wakishaketi nyuma ya kibao chenye jina la kikundi, nyuso zilififia, zikawa kama ukuta uliopakwa chokaa jana, na sauti ikatoka kwenye kibao. Siwatu alishazoea. Alifungua karatasi mpya akasubiri.

"Sisi hatutaki makubwa," kikasema kibao cha Umoja wa Wenye Visima. "Tunaomba awepo mlinzi. Basi."

Nani angelipinga hilo? Jumuiya ya Wafua Kufuli wakaomba mkono wa mlinzi uwe unafunga sawasawa, umshike anayechota bila ruhusa. Ushirika wa Wauza Ndoo wakaomba ruhusa yenyewe iwe nembo juu ya ndoo mpya. Baraza la Waadilifu, watu wa heshima zao, wakaomba mlinzi asiitambue sura ya mtu yeyote, asije akampitisha shemeji yake. Chama cha Wapinga Hongo wakaomba asiwe na masikio, maana hongo huanza kwa maneno matamu. Wafuga Mbwa wakaomba asilale. Vikundi vitatu vya mwisho vikaomba vidogo zaidi: asiwe na tumbo, asiwe na kwao, asiwe na siku ya mapumziko. Kila ombi lilikuwa dogo na kila ombi lilikuwa na akili, na Siwatu aliyaunga kwa furaha ya fundi anayeona kipande kinaingia mahali pake.

Aliposimama kuusoma muswada mara ya kwanza, alisikia kitu kikivuta pumzi chini ya meza. Aliinama kama mtu aliyeangusha kalamu. Wadau walikuwa tisa, na miguu ilipaswa kuwa kumi na minane. Akahesabu ishirini. Akahesabu tena, akikumbuka kutoa ya kwake, na bado ilikuwa ishirini. Na ile miwili iliyozidi haikuwa na viatu wala kucha, ilikuwa myeupe na bapa, kama imekatwa kutoka kwenye kitu kinachokunjika. Alijiinua akaendelea kusoma.

Hapa nataka kusimama kidogo, na asiyependa kusimama na atangulie. Sote tumekuzwa kwa hadithi za mazimwi. Tunajua zimwi lilivyomeza kijiji, tunajua lilivyopasuliwa kidole gumba wakatoka watu na ng'ombe na kuku. Tulipokuwa wadogo tuliuliza lilikufaje. Hatukuuliza lilipokuwa dogo lilinyonyeshwa na nani. Haiwezekani zimwi kubwa kiasi kile likawa halikuwahi kuwa na umri wa siku tatu, likilia, na mtu akalisikia, na mtu akaona huruma au faida, akalipa uji. Huyo mtu wa uji hayumo katika hadithi. Pengine hayumo kwa sababu walikuwa wengi, kila mmoja akatoa kijiko kimoja, na ukimshika mmoja wao atakuonyesha kijiko chake na kukuapia kwa Mungu kwamba kijiko hiki hakiwezi kulisha kitu kikawa kikubwa vile. Naye atakuwa anasema kweli. Ndilo swali lililokuwa likimtembelea Siwatu bila kujitambulisha, akiwa jikoni, akiwa anasuka nywele, likimgusa begani, naye akigeuka haoni kitu.

Baada ya kusomwa mara ya pili, desturi ilitaka wadau wale pamoja. Sinia moja likaletwa, wali na nyama ya mbuzi, likawekwa katikati ya mkeka, wakalizunguka. Na adabu ya sinia kila aliyelelewa anaijua: unakula mbele yako. Hupeleki mkono upande wa mwenzio, hufuati nyama iliyo mbele ya mgeni, hukodolei macho tonge la mtu. Aliyekula sinia moja na wenzake hakuweza tena kusimama akapinga kifungu chao. Ingekuwa sawa na kuwaambia kwamba wamekula vibaya. Desturi nzuri ile iliondoa ugomvi nchini. Wakala polepole, kila mmoja akichimba mbele yake, mpaka katikati ya sinia pakabaki kilima cha wali ambacho hakuna aliyekigusa, kwa kuwa hakikuwa mbele ya mtu.

Siwatu alikuwa ameketi pembeni na karatasi zake, akaona pengo.

"Samahani, wakubwa zangu," akasema. "Hapa imeandikwa kwamba mlinzi atamshika mwizi wa maji. Atamshika mpaka lini?"

Wakatafuna. Wafua Kufuli waliwatazama Waadilifu, Waadilifu wakawatazama Wapinga Hongo, Wapinga Hongo wakatazama wali wao.

"Hilo si mbele yetu," mmoja akasema.

"Nadhani liko kwa wenzetu," akasema mwingine, na mkono wake ukarudi kwenye sinia.

Kwa mazoea ya ofisi, pengo lisilo na mwombaji hujazwa na mwandishi, na neno la kujazia lilikuwa lilelile tangu enzi za waandishi waliomtangulia: daima. Ni neno zuri, linakaa vizuri mwisho wa mstari. Siwatu akaandika, Atamshika daima. Pambizoni hakuandika kitu, maana hakukuwa na wa kuandikwa. Kisha akaenda nyumbani kumpikia Khatibu mtama.

Siku hiyohiyo, au kabla yake, mtu akabisha hodi ofisini. Alikuwa Bi Mwashamba, dobi wa mtaa wa nyuma, mikono imechubuka kwa sabuni, kanga zake safi kuliko mavazi ya wadau wote tisa.

"Karibu, mama," Siwatu akasema. "Unatoka umoja gani?"

"Natoka nyumbani."

"Nauliza umoja, mama. Kikundi."

"Nimekuelewa, mwanangu, nami nimekwambia natoka nyumbani. Nasikia mnaunda mlinzi. Sikuja kuwazuia, mimi ni nani? Neno langu ni moja tu. Mtu akishikwa, akasema basi, aachiwe. Liandike hilo niende zangu, nina mashuka ya watu."

"Ni neno jema. Lakini pambizoni nimwandike nani?"

"Andika Mwashamba."

"Mwashamba si kikundi, mama."

"Basi andika wenye kiu."

"Wenye kiu hawajasajiliwa."

"Wewe! Wenye kiu ni mji mzima!"

"Ndiyo maana," Siwatu akasema kwa upole, na upole ule ulimchoma yule dobi kuliko ukali. "Kila mmoja anangoja mwenzake aende kusajili."

"Kwa hiyo watu tisa wana neno, na mji mzima hauna."

"Vikundi tisa, mama."

"Umesoma, mwanangu," akasema yule dobi akijifunga kanga yake vizuri. "Kufunzwa ndiko hukufunzwa." Akaondoka. Siwatu aliona aibu, tena aibu ya kweli, ya kutokwa jasho. Lakini alikuwa na kurasa sita za kunakili kabla saa haijapiga, na aibu haina muhuri.

Muswada uliposomwa mara ya tatu, mlinzi alitoka chini ya meza. Alisimama taratibu, akaendelea kusimama, mpaka kichwa chake kikafika juu ya mlango. Mahali pa macho palikuwa laini, mahali pa masikio palikuwa laini, na tumboni mlikuwa na shimo, na humo ukuta wa nyuma ulionekana. Ngozi yake ilikuwa karatasi, tabaka juu ya tabaka, na karatasi yote ilikuwa imeandikwa. Wadau wakapiga makofi. Wafua Kufuli walisema, tazama mikono ile! Wapinga Hongo walisema, kichwa safi kabisa! Kila kikundi kilitazama kipande chake kikafurahi, na sidhani kama kuna aliyemwona mzima isipokuwa Siwatu, ambaye kazi yake ilikuwa kuunga. Yeye alimwona. Aliona pia kwamba kila herufi iliyojikunja juu ya mbavu zile ilikuwa na mkia mrefu, mkia ambao mwalimu wake alimchapia utotoni auache, naye hakuuacha. Ulikuwa mwandiko wake. Mlinzi akainama akapita mlangoni kwenda kisimani, na Siwatu akabaki ameshika ukingo wa meza.

Khatibu ndiye aliyemletea habari. Alikuja akihema, mwavuli kwapani.

"Siwatu. Amemshika Bi Mwashamba."

"Tangu lini?"

"Tangu saa sita."

"Saa sita ipi, mume wangu?"

Khatibu hakujua, na mji wote haukujua.

Walimkuta amesimama kando ya kisima na ndoo yake kuukuu miguuni. Kiganja cha karatasi kilikuwa kimefunga kifundo cha mkono wake wa kulia, bila kubana sana, bila chuki yoyote. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Jua lilikuwa utosini na lilionekana kuwa hapo kwa muda mrefu. Mbali kidogo watu wa mji walisimama na ndoo tupu, wakitazama kama watu wanaotazama nyumba ya jirani ikiungua.

"Basi," Bi Mwashamba alikuwa akisema. Sauti ilikuwa ndogo na kavu. "Basi. Basi."

Wazee husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na ni kweli. Lakini huyu aliombewa asimjue mtu. Siwatu alikimbia akasimama mbele ya uso ule mtupu, akapiga kelele ambazo hakuwahi kupiga tangu azaliwe. "Mwachie! Ni mimi niliyekuandika! Nakwambia mwachie!" Akapiga kifua cha karatasi kwa ngumi, akaona chini ya ngumi yake neno daima likiwa limekaa vizuri mwisho wa mstari. Mlinzi hakusikia. Angesikia kwa lipi? Mtu anaweza kukubali kosa lake mbele ya mahakama, mbele ya mama yake, mbele ya Mungu. Siwatu aligundua jua likiwa kichwani kwamba kuna kitu kimoja ambacho huwezi kukikubalia kosa, nacho ni kosa lenyewe.

Akarudi ukumbini. Wadau walikuwa wanakula. Pale pembeni ya mkeka palikuwa na jagi la kioo limejaa maji, na Siwatu alipopita alijiona ndani yake: kanga yake ilikuwepo, shingo yake ilikuwepo, na juu ya shingo palikuwa na chokaa. Hakuwa na uso. Akajigusa, akagusa ukuta.

"Kuna mtu anakufa kisimani," akasema.

Wakasikitika, na walisikitika kweli. Mmoja alitokwa na machozi. Kisha wakafungua nakala zao.

"Soma pambizo," wakasema Wenye Visima. "Sisi tuliomba mlinzi. Mlinzi ni dhambi?"

"Sisi ni masikio tu," wakasema Wapinga Hongo.

"Sisi hata hatukuomba amshike mtu fulani," wakasema Wafua Kufuli. "Mwizi wa maji, tulisema. Kama mama yule ni mwizi au si mwizi, hilo ni la Wauza Ndoo."

"Sisi ni nembo tu," wakasema Wauza Ndoo.

Mzee wa Waadilifu alivaa miwani akapitisha kidole mstari kwa mstari, polepole, kwa sababu alikuwa mtu mwadilifu, mpaka kidole kikasimama. "Kosa liko hapa, kwenye hili neno daima. Na pambizo ni tupu. Kifungu hufutwa na aliyekiomba, na hiki hakikuombwa na mtu. Hatuna la kufanya."

"Ni langu," Siwatu akasema.

Alihisi pua yake ikirudi, kisha paji la uso, kisha mdomo, yote yakiuma kama mguu uliokufa ganzi unapoamka.

"Lako wewe?" akauliza mzee yule kwa huruma. "Na wewe, mwanangu, ni kikundi gani?"

Mtu mmoja akasogea kumpisha mkekani, akamwambia penye wengi hapaharibiki neno, aketi, ale kidogo, amechoka. Pale mbele ya nafasi aliyopishwa palikuwa na kile kilima cha katikati, kimekauka juu, na Siwatu akatoka mbio.

Alipofika kisimani hakuwa na mpango. Watu husimulia sasa kwamba alikuwa nao, kwamba alikuwa amepiga hesabu, ni uongo. Alimwona Bi Mwashamba amening'inia kwenye ule mkono, akashindwa kuvumilia kuitazama midomo yake, basi. Akaokota ile ndoo kuukuu isiyo na nembo, akaitumbukiza, akaivuta, akakinga maji kwa kiganja akamnywesha. Bi Mwashamba alikunywa kwa sauti. Alikunywa viganja vitatu. Cha nne hakikufika, maana mkono wa pili wa mlinzi ulikuwa umeshuka, ukaukamata mkono wa kulia wa Siwatu, ukajifunga.

"Umekuja," Bi Mwashamba akasema alipopata sauti.

"Nimechelewa, mama."

"Umechelewa sana. Lakini nilikuwa nimechoka kusimama peke yangu."

Ngozi ya mlinzi haikuwa baridi wala ya moto. Siwatu aliisikia ikisemasema kwenye kifundo chake, wino ukitembea. Alifikiri: huyu ni mimi. Alifikiri: hapana, huyu ni wao, mimi ni uzi tu. Lakini uzi ukitolewa nguo inabaki? Mimi ni kidole. Mimi ni kidole kilichoandika. Na kidole ni cha nani kama si cha mwenye mkono, na mwenye mkono ni nani, na mbona mkono sasa umeshikwa na mkono? Aliona kwamba Bi Mwashamba ana uso wa mama yake, kisha ana uso wake yeye mwenyewe atakapozeeka, kisha ana uso wa Bi Mwashamba. Nilikuwa naye ofisini, alifikiri. Alisimama pale, hatua mbili kutoka kwangu. Kalamu ilikuwa imejaa wino. Saa ikapiga saa sita.

Mtu wa kwanza kuchota alichota kwa woga. Alikuwa mwanamume mwenye ndoo iliyotoboka, hakuwa na nembo wala chochote. Alijongea, akatumbukiza, akavuta, akafumba macho akingoja. Hakuna kilichotokea. Mlinzi aligeuza uso wake laini upande wa maji yaliyochotwa, mabega yakatikisika, lakini mikono yake miwili ilikuwa na kazi, na katika vikundi vyote tisa hakuna kilichokumbuka kumwombea wa tatu. Yule mwanamume akachota tena. Akacheka. Wakaja wawili, wakaja kumi, wakaja wote, mji mzima ukamiminika na ndoo na masufuria na kofia, wakamwagiana maji, wakalia kwa furaha, na wengine wakawabusu Siwatu na Bi Mwashamba kwenye paji la uso na kuwaita mashujaa. Waliwanywesha. Waliwaletea mikeka ya kivuli. Siwatu akawaza, hata kama nitakufa hapa, nimelipa kitu. Aliona raha moyoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na raha ile nasikitika kuisimulia.

Maana baada ya kunywa watu hupata nguvu ya kufikiri. Wakaketi pale kando ya kisima, wakasema: tumeteseka kwa sababu hatukuwa na umoja. Wakaunda umoja. Uliitwa Umoja wa Wenye Kiu, ukachagua mwenyekiti, yule mwenye ndoo iliyotoboka, ukachonga muhuri kutoka kwenye kiazi kitamu. Ukatafuta katibu mwenye mwandiko mzuri. Siwatu na Bi Mwashamba waliyaona yote, maana yalifanyika hatua chache kutoka waliposhikwa, mchana kweupe. Walipiga makofi kwa mkono mmoja mmoja juu ya mapaja yao.

Kisha Khatibu akaja. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, macho yake yamekuwa meupe, ngozi imerudi. Maji yalikuwa yamemfaa. Nyuma yake walisimama wanachama na ndoo zao. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Siwatu wangu," akasema, akaanza kulia kabla ya kuendelea.

"Sema, mume wangu."

"Umoja umekaa. Wadau wa kule ukumbini nao wamekubali, kesho muswada unasomwa tena. Tunaomba kifungu kimoja. Kidogo tu. Wamesema wewe ndiye unayejua kuunga maneno."

"Kinasemaje?"

Hakuweza kusoma kwa machozi. Mwenyekiti akamsaidia kutoka nyuma: "Mikono yote miwili ya mlinzi isikae mitupu."

Bi Mwashamba akafumba macho.

"Si kwa ubaya," Khatibu akasema haraka. "Tutawalisha. Tutawawekea kivuli, umenisikia? Na siku Mungu atakapowachukua, aepushe mbali, watu watapiga kura nani asimame badala. Kila mtu ana kura moja. Hakuna atakayeonewa. Siwatu, watu elfu sita wanakunywa. Mimi nakunywa." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Mimi nakunywa, mke wangu."

Siwatu alimtazama. Hakuona zimwi. Aliona Khatibu, na kidevu chake anachokijua, na kifungo cha shati alichomshonea mwenyewe. Nyuma ya Khatibu nyuso za wanachama zilikuwa zimeanza kufifia, moja baada ya nyingine, zikipakwa chokaa, watu aliosalimiana nao maisha yake yote. Mchuma janga hula na wa kwao, hilo alilijua tangu utotoni, lakini hakujua kwamba wa kwao wataomba waongezewe.

"Sitaandika," akasema.

Mnong'ono ukapita. Mwenyekiti akakohoa. "Tutapata mwandishi mwingine, bibie. Waandishi hawakosekani."

"Najua. Lakini huyu hapa anajua kuandika." Akamgeukia mume wake, na sauti yake haikuwa na hasira. "Andika wewe, Khatibu. Na pambizoni usiandike Umoja. Andika jina lako. Kama unanipenda, nifanyie hilo tu. Nataka nijue ni nani."

Khatibu aliangalia nyuma. Elfu sita walimngoja, na ndoo zao zimeshushwa chini. Akaangalia kisima. Akamwangalia mkewe, akapiga goti, akaiweka karatasi juu ya paja, akaandika. Aliandika vizuri, kwa herufi zilizonyooka, hakukosea hata moja. Alipofika pambizoni aliandika Khatibu bin Sowera, jina lote, na la baba yake. Mlinzi akakaza vidole. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile mtu alikuwa ameweka jina lake mwenyewe penye jambo alilolitenda, na alilolitenda ni hilo.

Kisha akachukua kata, akachota, akaishika chini ya kidevu cha mkewe kwa mikono yote miwili, kwa uangalifu, yasimwagike. Siwatu alitaka kugeuza uso. Jua lilikuwa utosini, na maji yalikuwa baridi, yakinukia udongo. Akanywa.